Viti Kumi na Kimoja kwenye Turubai la Mita Nne

Cité Musonoi, Kolwezi,
Tarehe 14 Septemba 2024.

Mpendwa Yaya Myriam, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu nyingi. Habari za Kinshasa, habari za shemeji na watoto? Lile jino limeshang'olewa, au bado unamwogopa daktari? Sisi ni wazima. Presha ya mama imeshuka na ulimi wake umepanda, kwa hiyo najua amepona.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unataka niende kwa bosi wangu Dodo nimpigie magoti anirudishe kazini. Yaya, nakuheshimu, umenibeba mgongoni. Lakini siendi. Sikiliza kutoka kwangu mwenyewe, maana habari uliyoletewa imepikwa.

Kampuni inayotaka kuchimba chini ya mtaa wetu ilimpa Dodo kazi ya kuchora kwa kompyuta mtaa mpya watakakotuhamishia. Picha ingechapwa kwenye turubai la mita nne na kutundikwa kwenye mkutano ambapo wenye nyumba wangetia sahihi. Mchoraji nilikuwa mimi. Nilipoona vipimo nilikasirika: lupango, hicho kiwanja ambacho mama angepewa, uani humo hata kamba ya nguo haina pa kunyooka!

Dodo akaniagiza: “Tumia ile lenzi ya kupanua, lupango ionekane mukubwa. Na weka bitu, batu bapende.” Kwenye programu yetu unachagua jicho la kamera, na kwa lenzi pana hata choo kinakuwa uwanja wa mpira. Mimi nikaweka kamera pale mama angesimama mlangoni, kwa lenzi inayoona kama mtu anavyoona. Na vitu nikaweka, kama alivyotaka. Niliweka kilio.

Ndiyo, kilio chetu cha msiba: mikeka ya wanawake kando ya mlango, gogo la moto la wanaume, picha ya marehemu mezani, na viti vya plastiki. Siku tulizomlilia baba uani kwetu kulikuwa na viti themanini, unakumbuka. Pale, kwa vipimo vyao wenyewe, viliingia kumi na kimoja. Cha kumi na mbili kilizama ukutani.

Mara ya kwanza nilikosea, nikaitoa picha kwa ukubwa wa skrini tu. Mchapishaji alipoivuta, viti vikawa uji. Nikarudia kwa upana wa pikseli elfu kumi na mbili. Kompyuta ikagoma, nikaitoa vipande vinane na kuviunga kimoja kimoja, umeme ukikatika kila mara. Dodo nilimtumia nakala ndogo kwenye simu. Akaitazama akiwa garini, akajibu: “Muzuri, fête!” Alidhani ni sherehe. Utasema nilimdanganya. Picha ni ileile, Yaya, hakujisumbua kuikuza.

Mkutanoni mtu wa kampuni alitualika tutazame sherehe. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Mbombo, jirani yetu, alisogea mpaka pua ikakaribia turubai, akahesabu viti kwa kidole. Akageuka: “Hii ni kilio. Kumi na moja tu? Sasa benzetu bengine batalilia wapi, mu barabara?” Siku ile hakutia sahihi hata mtu mmoja.

Dodo alinifukuza palepale, mbele ya watu. Iliniuma, sikufichi. Nililia juu ya pikipiki mpaka dereva akakataa nauli. Unasema kazi ya kompyuta kwa msichana wa Musonoi haipatikani mara mbili, na huenda ni kweli.

Jana ameniandikia. Atanirudisha nikitia sahihi barua inayosema viti ni kosa la programu wakati wa kutoa picha, nayo itasomwa kwenye mkutano wa Jumamosi ijayo ili watu wakubali kuhama.

Msalimie shemeji Ngeleka, na Jémima mwambie shangazi... la, mwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Mama anawabariki nyote. Mungu awafunike na kuwapa usingizi mzuri.

Na ujue nimeshamjibu Dodo: programu haikukosea, kila kiti nilikiweka kwa mkono wangu, na Jumamosi nitasimama chini ya turubai niseme hivyo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, asiye na kazi wala msamaha wa kuomba,

Chancelle