Verlin Haugstad, Aliyerudishwa Uwanjani

Verlin wetu, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, Jumapili ile ya Novemba 9, 1952, ukiwa na miaka ishirini na mmoja tu.

Tunakumbuka ulivyoamka kabla ya Baba, ukakamua ng'ombe, ndipo uende chuoni Nordahl. Wenzako wakikuona walipiga kelele, "Haya, bwana zizi kaingia! Fungueni madirisha!" Nawe ulicheka kuwashinda wao. Kila aliyeangushwa uwanjani, hata mpinzani, ulimpa mkono ukamwinua. Mama husema hukujua kununa.

Msimu ule wa futiboli yetu ya Kimarekani, ya kofia ngumu na kukumbana, ulikuwa taabu tupu. Tulianza wachezaji kumi na tisa. Jeshi likachukua watatu kwenda Korea, wengine wakavunjika viungo, na tukafungwa mechi sita mfululizo. Waliobaki walishambulia na kulinda wao wenyewe, hakuna wa kupokezana. Mechi ya mwisho, ile ya nyumbani, tulibaki kumi na mmoja kamili, nami nikiwemo. Kocha alishatuambia: akitoka mmoja, yeye anawaachia wapinzani ushindi.

Karibu na mwisho uligongana vichwa na jamaa mmoja pande la mtu, kofia ikakuruka. Uliinuka ukaelekea benchi la wapinzani. Daktari Nyquist, tabibu wa timu, akakushika bega.

"Leo siku gani, kijana?"

Hukujua. Ukanitazama mimi, mdogo wako, nimesimama nyuma yake. Nikachezesha midomo bila sauti.

"Jumamosi, Daktari."

"Na tunaongoza kwa pointi ngapi?"

Nikanyoosha kidole kimoja.

"Moja."

"Haya, rudi kazini."

Tulishinda saba kwa sita. Watu walipomiminika uwanjani kushangilia, wewe ulikuwa umeketi chini unatapika. Kesho yake alfajiri ulikata roho.

Mji mzima ulimlaumu Daktari. Kanisani hakuna anayekaa benchi lake. Alipokuja kutupa pole, Baba alimfungia mlango usoni, nami nilikuwa jikoni, nikanyamaza. Nimenyamaza mwaka mzima, Verlin. Naona aibu hata kulitaja jina lako.

Juzi nilimwambia Mama. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Nisamehe, Mama."

"Usianze na mimi. Nenda kwa Daktari kwanza. Kisha uandike gazetini, wasome wote waliomsema."

Nimetoka kwake asubuhi ya leo. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo hakujua ni siku gani?"

"Hakujua, Daktari."

Mzee yule aliketi kwenye ngazi, akalia kwa sauti.

Unakumbukwa na baba yako Ingvald, mama yako Thora, dada yako Arlys na mchumba wako Lorna. Unakumbukwa pia na mimi, Delmar, niliyekujibia.

Hatutakusahau maisha yetu yote.