Waliokuja Kukuulizia

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Mkate usiutafute, wageni wako wameumaliza.

Asubuhi ulipokuwa umelala fofofo, nilisikia hodi. Kumbe ni wenzako wa kuchati, viatu vimejaa vumbi, wamepita mlango kwa mlango wakionyesha picha yako. "Mama, ni mzima? Tangu jana hajibu." Nami nilidhani urafiki wenu wa simuni ni porojo tu! Nilipowaambia simu nimekunyang'anya mimi, wakashusha pumzi, mmoja machozi yakamtoka.

~~Simu utaipata Jumatatu.~~ Simu iko kabatini, chini ya shuka zangu. Wajibu wenzako kwanza, vyombo utaosha baadaye.

Tangu nizaliwe sijaona marafiki wa namna hii. Mimi nikinyamaza usiku mmoja tu, nani atakuja kunigongea?

Mama yako, mnyang'anyi