Jina la Arobaini na Moja

Chumba cha cherehani,
nyuma ya duka la viatu.
Jumapili, 2 Machi

Mdogo wangu, jicho langu limepangiwa siku! Nimeona nianze na hilo kabla mkono haujachoka.

Sasa ndiyo nikusalimu. Mpendwa wangu, hujambo? Shemeji naye, kile kifua kimemwachia? Sisi tu wazima, ila uchovu umenikalia kama mgeni asiyejua kuaga. Huyu mtoto wa jicho amenizidi. Uzi siuoni tena, jirani ndiye anayenitungia sindano. Nisamehe mistari inayopanda na kushuka.

Binti yangu, mwanao yule uliyempa jina la Bi Maswali, ndiye anayeiandikia kompyuta ya hospitali maagizo. Yeye, si mwingine. Madaktari na miwani yao wanangoja aseme. Kazi yake ya kwanza ilikuwa orodha ya wagonjwa wa macho: kila anayeandikishwa, jina lake liongezwe mwishoni, watu waitwe kwa zamu.

Orodha ya kwanza ikatoka na jina moja tu. Langu. Mimi niliyeandikishwa nyuma ya wote! Sikufichi, nilishanyanyuka na kikapu changu nikisema Mungu si Athumani. Benchini alikuwapo seremala mzee, macho yote mawili meupe. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama nami nimengoja mwaka. Nikajifanya natafuta leso.

Bi Maswali akatoka na ile karatasi, akaniuliza niliandikishwa lini. Nikamwambia Ijumaa. Akarudi ndani, nikamfuata, mama ni mama. Kumbe kila jina jipya likija, kompyuta ilikuwa inaanza orodha upya, kisha inatia hilo moja. Mimi niliyeishia darasa la sita nikamwambia hiyo ni sawa na kuchomoa vikaratasi vyote vya oda kwenye msumari wangu ndipo uchomeke kipya. Akasema ni hivyo hivyo. Mstari mmoja tu wa maagizo ulikaa pasipo pake. Akaupandisha juu, orodha ianzishwe mara moja tu mwanzoni, mengine yote yawe kuongeza. Yakatoka majina arobaini na moja. Langu chini kabisa.

Nikamnong'oneza, je, haliwezi kusogezwa juu kidogo?

"Ni rahisi sana, mama," akasema, macho kwenye kioo. "Ndiyo maana sitaki kuanza."

Nilirudi kwa miguu nimenuna, na siku mbili nikamjibu kwa mkato. Baadaye nikamkuta seremala sokoni anachagua nyanya mwenyewe, anamsifu binti wa kompyuta. Nikamwambia huyo nimemzaa mimi. Nikarudia, asije akawa hakusikia.

Zamu yangu ya kupasuliwa imefika sasa, lakini katika kungoja, jicho la pili nalo limeanza ukungu. Daktari hajaahidi kitu. Bi Maswali hasemi, ila nimemzaa, namjua: anaogopa kwamba haki yake ndiyo imeniponza. Mimi nitakuwa ndani nimelala. Yeye ndiye sitaki akae peke yake kwenye lile benchi.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako na kitinda mimba wenu. Mungu awaongezee siku, moja nyuma ya nyingine, asifute hata moja.

Dada yako akupendaye, anayewangoja nyote hospitalini Jumanne, tarehe 18 Machi, saa mbili asubuhi.