Mukanda wa dada Furaha

Jumapili, jioni. Ukungu umekaa juu ya kijiji chetu cha Nyamitaba tangu asubuhi kama mugeni asiyejua kuaga. Nimeenda misa, nimesinzia, nimeamka kwenye amina. Mungu amenizoea.

Lakini leo utani wangu ni mufupi. Kesho asubuhi, kule Kigali, wanamufungua Neema kichwa.

Neema njo mujukuu wangu. Kichwa kinamuuma tangu miezi mingi, na akiinama kuosha vyombo kinazidi. Siku moja magoti yalimuachilia jikoni, akajikuta chini, macho wazi, anacheka. Wote wakacheka. Mimi, mucheshi wa nyumba hii, sikucheka.

Anguko lile nililiona zamani, miaka ya hamsini, wakati wa Wabeleji.

Dada yangu mukubwa, Furaha, alibeba maharagi kwa mugongo, kitunga kikishikwa na mukanda kwenye paji la uso, kama wanawake wote wa milima yetu. Mukanda ule unavuta, na kila mwanamuke alilalamika kichwa. Basi Furaha alipolia, nani angeshangaa? "Iko mukanda tu," Mama alisema. Akaulainisha kwa siagi. Akausuka upya, mupana zaidi. Katekista yeye alisema ni dhambi. Nilimuuliza kama dhambi inakaa kwa paji la uso, nikapata kofi. Dispanseri walimupa kidonge cheupe, kilekile walichotoa kwa jino na kwa tumbo.

Akilala, kichwa kinapoa. Akiinama, anatapika. Na magoti yanamuachilia njiani, akili yake nzima kabisa.

"Cheka basi, kaka! Ngoja nisimame, utaona!"

"Dada, hata mbuzi ya Papa inasimama haraka kukushinda!"

Siku moja tuliteremuka mpaka Kibua, kule Walikale, kubadilisha maharagi na mafuta ya mawese. Tulipofika alitua muzigo, akashika kichwa. "Kaka, leo mukanda umenishinda. Nilale kidogo."

Hakuamka.

Wanawake wa Kibua walimupapasa. Hakuna homa, hakuna kidonda, alama ya mukanda tu kwenye paji. Siku ya mazishi Mama aliuchoma mukanda mbele ya watu wote. Tukarudi nyumbani tukiona haki imefanyika.

Sasa, mwezi huu, mashini ya Goma ilipiga picha kichwa cha Neema. Dokta alinionyesha: katikati kabisa, kapira keupe kama punje ya haragi. Ndani kuko ute muzito. Si kansa. Kamekaa tu mahali maji ya ubongo yanapitia, kama jiwe kwa mufereji. Kakiziba, maji yanajaa, na muntu anaweza kwenda saa ileile.

Nikamueleza habari ya Furaha. Dokta akaiangalia tena picha.

"Kwa dada yako siwezi kuapa, Papa. Lakini vile unavyosema, inafanana sana. Huyu mutoto amekuja mapema. Wengine tunawajua wakiisha kufa."

Punje moja!

Nimelima maharagi maisha yangu yote, nimeyatafuna, nimeyakanyaga bila kuomba ruhusa. Leo muchana nilitia moja kwenye kiganja nikaliangalia kama padri anavyoangalia ostia. Kitu kidogo hivi kinakaa kimya ndani ya muntu, muntu anacheka, anabeba, anapika, na hakuna anayejua. Mungu wangu, mimi nakutania kila siku, lakini leo umeniogopesha.

Neema amepiga simu sasa hivi.

"Tate, wamenyoa nywele zote. Ukinicheka nikirudi, sikupi tena kasiksi."

Kasiksi ni pombe yangu ya ndizi. Anajua pa kunishika.

"Rudi kwanza," nikamwambia. "Nitakucheka vizuri."

Simu imekatika. Haragi liko bado mukononi, nashindwa kulitupa, nashindwa kulila.

Mukanda haukuwa na kosa, Mama.

Na wewe Neema, kesho uamke. Uamke unitukane.