Mwendo wa Shangazi

Binamu, acha unachofanya usome hii. Yule mwizi ninayekaa naye meza moja kazini!

Unamkumbuka mkimbiaji wa ile gemu tunayotengeneza kazini? Ukibonyeza tu, alikuwa anachomoka kama risasi. Wiki tatu nimeandika na kufuta programu mpaka akaanza kuondoka taratibu, mwendo ukipanda kidogo kidogo. Nilimwiga mama yako na magoti yake: akiinuka anajikokota, akishachanganya mwendo hakamatiki. Hata programu yenyewe nikaiita mwendo_wa_shangazi.

Leo mteja kaja, kausifia huo mwendo. Yule jamaa wa meza yangu kasimama: "Nimeuandika mimi." Yeye! Mbele yangu! Macho makavu!

Mteja akasoma jina la programu kwenye skrini. "Huyu shangazi ni nani?"

"Ni shangazi yangu."

SHANGAZI YAKE, binamu! Mama yako!

Mteja akacheka: "Hebu tuonyeshe anavyotembea."

Jamaa akachomoka kama risasi mpaka mlangoni. Ule ule mwendo nilioufuta!

Nikainuka. Nikashika kiti, nikajikokota, nikachanganya, nikafunga breki mbele ya pua yake. Nikamwambia, "Huyu ndiye shangazi. Wako anaishi wapi?"