Sakafu ya Chumba cha Mama

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Soko la Zamani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na watoto. Hamjambo nyote? Na kile kikohozi cha binti yako mdogo kimeisha, au bado kinamkaba akilala? Sisi huku pumzi zipo, tunashukuru, ingawa sitakuficha kwamba kwa muda sasa niko tumbo joto. Isome barua hii ukiwa umekaa. Mama ni mzima. Nimeanza na hilo makusudi, ili moyo wako usiyatangulie macho.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kila ukipiga, Mama hukaa ubavuni mwangu kama askari, nikitaka kusema neno ananifinya. Na nilipojaribu kukupigia peke yangu, nilisikia tu sauti yako, machozi yakanitangulia, nikaishia kukuuliza habari za mvua. Kwa hiyo barua hii nitampa yule muuguzi jirani yetu, anarudi huko kazini kesho.

Unalikumbuka dampo la nyuma ya nyumba. Ulipoondoka lilikuwa limeshafungwa, likafukiwa udongo, wakapanda nyasi na kuchomeka mabomba ya kutolea hewa. Basi mwaka huu serikali imemwaga fedha kwenye taka kuliko tulivyowahi kusikia. Wamejenga kiwanda cha kuchakata taka, kina mikanda ya kuchambulia na malori mapya yanayong'aa. Shemeji yako amepata kazi ya kuendesha mojawapo. Kila nyumba ikapewa mapipa mawili, la kijani la mabaki ya chakula na la buluu la plastiki. Mama aliliosha lile la buluu, akalianika, akatia unga wake. Wakaguzi walipopita kuuliza chupa ziko wapi, akawaambia pipa zuri namna ile haliwezi kutiliwa uchafu, kama wanataka chupa waje na gunia.

Sikebehi, mdogo wangu. Soko halinuki tena, mitaro inapitisha maji, na shemeji yako analipwa kwa wakati. Ila fedha zote zilitazama mbele. Lile dampo la zamani hakuna aliyeligeukia. Mtunza mabomba alihamishiwa kiwandani. Mabomba yakavunjika moja baada ya jingine, udongo ukaanza kupasuka, na sisi tukawa tunaanika nguo palepale juu ya nyufa, hatuna habari.

Baridi ilipoingia, Mama akaanza kuisifia sakafu ya chumba chake, kile ulichomjengea wewe. Akaniita nivue viatu.

"Kanyaga hapo. Si unaona? Magoti yangu yamehurumiwa."

Nikakanyaga. Palikuwa na joto kama pahali palipotoka kuwekwa pasi. Nikacheka naye, mimi mjinga. Halafu nikauona mshumaa wake pale kona, haujawashwa hata mara moja, na umelainika ukalala ubavu kama mgonjwa. Kicheko kikanikauka. Nikakumbuka pia kwamba siku hizo alikuwa akiamka analalamika kichwa, nami nikimpa dawa ya maumivu na kumwambia apunguze mawazo.

Nikaenda manispaa. Nilizungushwa madirisha hadi nikafika kwa mhandisi, mama wa makamo, mpole. Aliniacha nimalize, akachukua kipimo chake na kuja nami siku ileile. Alikitumbukiza kwenye ufa wa nyuma ya chumba, kikalia, akakitazama, akatutoa wote nje. Akanieleza taratibu kwamba taka za zamani zinaungua chini kwa chini, moto usioonekana, na hewa yake inapenya sakafuni. Haina harufu. Mtu analala nayo, na siku moja haamki.

"Sasa mtafanya nini?" nikamuuliza.

Akainama, akawa anaufutafuta udongo viatuni. Akasema ameshaomba fedha za kuchimba na kuuzima, akajibiwa kwamba kwenye vitabu vya serikali dampo hili limefungwa, na kilichofungwa hakipangiwi matumizi. Alichoweza kutupa siku hiyo ni ushauri: Mama asilale mle.

Nyumbani nako shemeji yako hakunipa usingizi. Aliogopa. "Mke wangu, utanichongea," alisema. "Nakula kwa mkono uleule unaotaka kuupigia kelele." Tukanuniana siku kadhaa, tukawa tunapitishiana chumvi kupitia watoto. Simlaumu. Kazi unajua zilivyo.

Lakini sikunyamaza. Nilimwandama diwani hadi akaja, na viatu vyake vilivyosuguliwa na watu wawili wa kumshikia simu. Akasimama katikati ya chumba akaanza kueleza mafanikio ya kiwanda. Mama alikuwa kitandani anachambua mchele. Akamsikiliza kwa heshima, kisha akamwomba avue viatu.

"Mama yangu, nina haraka kidogo."

"Vua tu, mwanangu. Hapa ni chumbani kwa mtu."

Akavua, na soksi pia, maana Mama alizikodolea macho. Akaendelea kuzungumza huku akihamisha uzito, mara mguu huu, mara ule. Mwishowe maneno yakamwishia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna watoto wanaolala humu. Nikamwambia wajukuu hulala na bibi yao wakati wa likizo. Alitoka nje na viatu mkononi.

Baada ya hapo walau mambo yalisogea. Wakakata fungu kidogo kutoka kiwandani, likaja tingatinga likachimba mtaro upande wa barabara. Upande wetu tunangoja bajeti ijayo. Safu yetu yote ya nyumba ikaambiwa ihame, bila kuambiwa iende wapi. Mama nikamhamishia hapa nilipo, kwenye chumba cha ushonaji, nikasogeza vyerehani na kumtandikia dirishani. Nikadhani nimemaliza.

Kumbe kila nikizama kwenye kazi anatoroka. Siku ya kwanza alisema anafuata unga. Siku ya pili anafagia. Alhamisi nilikuwa nakata sare za shule, nikainua macho, kitanda kitupu. Jua lilikuwa bado kali. Sijui ni nini kilichonisukuma, niliuacha mkasi juu ya kitambaa nikakimbia. Nilimkuta amelala kitandani kwake, mlango umefungwa kwa ndani na dirisha limerudishwa. Namuita haitiki. Nikavunja kioo kwa jiwe, nikajikata, nikaingia. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, mdogo wangu. Nikamburuta hadi kizingitini nikipiga mayowe.

Aliyesikia ni mume wangu. Lori lake lilikuwa mtaa wa pili linakusanya mapipa. Aliacha njia yake, akaja nalo kwa kasi likigonga matawi, akamnyanyua Mama kama mtoto na kumkalisha kiti cha mbele. Hivyo ndivyo Mama yetu alivyofika hospitali, kwenye lori la taka, honi ikilia njia nzima, mimi nimemkumbatia na damu yangu imemchafua gauni. Wakamtia hewa ya mashine. Jioni akafumbua macho akauliza kwa nini nanuka maganda. Nililia hadi wakanitoa wodini.

Daktari anasema kichwa na moyo viko sawa, wiki hii atatoka. Shemeji yako ameitwa kazini Jumatano ajieleze kwa nini aliacha njia na kumpandisha mtu asiye mfanyakazi. Amepiga pasi shati lake tangu jana na kulitundika. Anachezea tu funguo.

Sasa nifikie jambo lenyewe. Jana nilimuuliza Mama, kwa hasira, chumba kile kina nini hata akifie. Akageukia ukutani.

"Mwanangu alivaa koti moja miaka yote ile kunijengea," akasema. "Nitamwambiaje kwamba nimekitupa?"

Ndicho anachonifinyia kwenye simu. Wewe unauliza, "Mama, chumba kinakufaa?" yeye anajibu kinafaa sana, nawe unafurahi, na furaha yako ndiyo inayomrudisha mle. Nimezungumza mimi, amezungumza mhandisi, hata daktari amezungumza. Wote tumetia maji kwenye gunia. Na leo asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, ameniuliza ufunguo nimeuweka wapi.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa alichonitumia kimetosha gauni na blauzi. Wabusu watoto, hasa mgonjwa wetu. Mjomba anakusalimu, na shangazi yule wa viatu virefu anauliza utarudi lini. Shemeji yako amesema umwombee Jumatano. Mungu akulinde uendako na urudipo, na asituondoe kabla hatujaonana.

Ukimaliza kusoma, mpigie Mama. Usimuulize habari za chumba. Mwambie umeshajua, na kwamba ulimjengea yeye, hukuijengea ile ardhi. Akilia, mwache alie. Usikate simu.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Mshonaji.