Kipande cha Springi Kilichomo Kabatini

Tangini,
Kibaha.
19 Agosti 2025

Mpendwa Kaka Husseini,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Zuwena, na kwamba baridi ya Sumbawanga mwaka huu imewaonea huruma. Kifua chako kinaendeleaje? Lile sweta nililokutumia kwa basi unalivaa, au umeshamgawia mtu? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mama naye mzima, na kula anakula.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Ni amri ya Mama. Anasema kwenye simu unaweza kujifanya mtandao umekata, lakini karatasi huwezi kuisingizia kitu. Basi kaa chini usome mpaka mwisho.

Habari yenyewe ni ya lile gari lako jeupe ulilotuachia. Unakumbuka Mama alivyokuwa akilalamika kwamba likitembea linagonga upande wake. Shemeji yako Badru alilipeleka kwa fundi mmoja, akaliendesha peke yake mpaka Maili Moja na kurudi, akasema shokapu za nyuma zimekufa. Zikabadilishwa. Mama akapanda, akasema bado linagonga. Fundi wa pili naye akalizungusha peke yake, akabadilisha bushi za nyuma, akatuhakikishia kwamba sasa limetulia. Mama akasema bado.

Ndipo ulipopiga simu mwezi wa tano, nikakueleza. Ulicheka, ukasema, "Hilo gari halina kitu. Mpelekeni Mama akapimwe masikio." Kaka, simu nilikuwa nimeiweka sauti ya nje, na Mama alikuwa ameketi pale pale anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakuitikia kwamba labda ni uzee.

Tangu siku ile hakulitaja gari tena, wala hakulipanda. Unajua kila baada ya wiki mbili alikuwa akienda Kisarawe kumwona Mama mdogo Biubwa, ambaye mguu haumruhusu tena kusafiri. Kila tukimwambia twende, mara ana nguo za kufua, mara anahisi mvua itanyesha. Miezi mitatu wale ndugu wawili hawakuonana, na mimi nikaona ni uvivu wa utu uzima. Masikio nilimpeleka kweli akapimwe. Daktari alisema anasikia vizuri kuliko mimi niliyempeleka. Niliona haya, nikanyamaza nayo, hata wewe sikukwambia.

Sasa wiki mbili zilizopita Badru aligundua tairi la nyuma kushoto limeliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Akamwita fundi Telesphory, jirani yetu mpya, mtu wa Bukoba, mnene na mpole. Huyu hakukimbilia spana. Aliikandamiza buti kwa mikono miwili akaachia, gari likainuka mara moja likatulia, akasema shokapu hazina kosa. Akapiga jeki, akalitikisa gurudumu, halikucheza. Akauliza ni nani hukaa juu ya tairi lile.

Swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza. Badru alicheka akasema pale ni pa mama mkwe, siku zote, na mtu mwingine hakai. Telesphory akavua kofia, akaja mpaka barazani, akampa Mama shikamoo yake, akamwomba amweleze. Mama alimtazama kwanza, nadhani alikuwa anapima kama anachezewa. Kisha akasema, "Likishuka kwenye shimo linagonga mara moja, chini ya kiti changu. Likipanda, linakwaruza."

Fundi akamwambia Badru awashe gari, yeye akaketi mahali pa Mama. Hawakufika mbali. Kwenye tuta la pili liligonga mpaka Badru akasikia akiwa kwenye usukani.

Walipofungua, Kaka, walikutana na kazi yako. Unazikumbuka zile raba ulizozibana katikati ya springi mwaka ule ulipokuwa ukibeba machungwa kutoka Kisarawe, ili gari lisilale nyuma? Bado zilikuwepo, ngumu kama kwato. Nyuma yake springi ya kushoto ilikuwa imekatika pete ya chini kabisa. Raba zako ndizo zilizolishikilia gari likaonekana limesimama sawa. Pasipo mtu pale, kimya. Akikaa Mama, vyuma vinasagana.

Raba zimetupwa. Springi zimebadilishwa zote mbili, maana fundi alikataa kuweka mpya upande mmoja gari likatembea limeinama, na nati za mwisho alizikaza likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Kabla hajaondoka, Mama alikiomba kile kipande kilichokatika. Akakiosha kwa sabuni, akakifunga kwenye kitambaa.

Jumapili tulikwenda Kisarawe kwa njia ya vumbi ya Kiluvya. Mama alikaa mahali pake, amefumba macho, anasikiliza. Tulipofika alisema, "Limenyamaza," akashuka. Mama mdogo Biubwa alimshika mkono hakuuachia mpaka tulipoaga. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikarudi nikamwomba Mama radhi. Alinisamehe kwa kunituma maji.

Kipande cha springi kiko kabatini, pamoja na vikombe vya wageni. Nilitaka kukutumia picha, Mama akakataa. Anasema uje ukishike mwenyewe.

Badru anakusalimu sana, na Mama mdogo Biubwa anauliza lini utamletea mchele wa Rukwa. Nisalimie wifi Zuwena. Mola awalinde na awape riziki yenye baraka.

Ijumaa baada ya swala piga simu. Nimempa Mama simu yangu, atapokea mwenyewe. Wala usipaze sauti, Kaka. Anasikia.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Rukaya